Kwa Nini Paka Anang'ata Mkono Unaompapasa

Paka anakuja mwenyewe. Anajisugua miguuni, mkia umesimama wima, anapanda mapajani na kuanza kukoroma. Mtu anampapasa kutoka kisogoni hadi mkiani, mara tano, mara kumi. Ghafla paka anageuka, anaukumbatia mkono kwa miguu ya mbele na kuzamisha meno. La kushangaza zaidi, mara nyingi haendi popote. Anakaa palepale akijilamba kama vile hakuna lililotokea.

Maelezo ya kisa hiki yamezagaa na hayapatani. Wapo wanaosema paka hana shukrani, basi. Wapo wanaosema alikuwa anacheza. Wapenzi wa paka waliosoma kidogo husema hisia zimemzidi. Daktari wa mifugo huuliza kwanza kama kuna sehemu inayomuuma. Na mwaka 2013 vyombo vya habari vya nchi nyingi vilitangaza kwamba kumpapasa paka ni kumtesa. Mfugaji wa kawaida ashike lipi? Karibu kila maelezo yana paka wake, yaani yupo paka ambaye kwake ni kweli. Ila hayana uzito sawa, na yale yanayopendwa zaidi midomoni mwa watu si yale yenye ushahidi mwingi.

Mnyama aliyejileta

Babu wa paka wa nyumbani ni kimburu, paka wa porini ambaye hadi leo yupo katika sehemu kubwa ya Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, na Mashariki ya Kati. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani popote duniani asili yao ni vimburu wa Mashariki ya Karibu, kule kilimo cha nafaka kilikoanzia. Kisiwani Cyprus wanaakiolojia walifukua kaburi la mtu aliyezikwa na paka ubavuni yapata miaka 9,500 iliyopita, habari iliyotangazwa mwaka 2004. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili. Kuna mtu alimpakia chomboni akavuka naye.

Uhusiano huo ulianzia ghalani. Nafaka ilileta panya, na panya wakamleta kimburu. Hakuna aliyemfunga kamba wala kumfundisha kazi. Mbwa alichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa uwezo wa kusikiliza na kushirikiana na mtu. Paka alichujwa kwa jambo moja dogo: yule aliyeweza kula karibu na watu bila kutoka mbio alishiba, akazaa. Lakini kuvumilia ukaribu wa mtu hakumaanishi kupenda kushikwa naye, na sehemu kubwa ya mkanganyiko wetu inatokana na kulichukulia la kwanza kama ushahidi wa la pili.

Kimburu huwinda na kuishi peke yake. Mnyama wa namna hiyo hana ishara nyingi za kupatana baada ya ugomvi kama alizonazo mbwa au nyani. Njia yake ya kumaliza tatizo ni kuondoka, na asipoweza kuondoka anabaki na kucha na meno.

Hata hivyo hoja kwamba paka ni mnyama wa upweke hutiwa chumvi. Penye chakula kingi, kama kwenye masoko ya samaki na majalala, majike wenye udugu huishi kundi moja, hulea watoto kwa pamoja na hulambana. Kulambana huku ndiko kitu cha karibu zaidi na kupapasa katika maisha ya paka, kwa hiyo inafaa tuone kunavyokwenda. Wanaolambana hushughulikia zaidi kichwa, masikio na shingo. Mgongo mzima haufagiliwi kutoka mwanzo hadi mwisho, tumbo huachwa, na shina la mkia halichezewi. Tena, Ruud van den Bos wa Uholanzi, aliyechapisha mwaka 1998 uchunguzi wa paka waliokuwa wakiishi kundi moja ndani ya banda, aliona kwamba mlambaji mara nyingi alifuatisha ulambaji wake kwa uchokozi dhidi ya yule aliyemlamba. Kwa maneno mengine, hata paka kwa paka, upole unaweza kuishia kwa kofi. Anayeona ajabu kwamba paka wake anakoroma kisha anang'ata anapima mambo kwa kipimo cha watu, ambao kwao kubembelezana hakuna budi kuishie kwa amani.

Je, ni hisia kuzidi?

Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba ngozi ya paka ina hisia kali mno, na kupapaswa kunakorudiwarudiwa kunageuka kutoka raha hadi karaha. Yana msingi wa kweli wa kifiziolojia. Mwaka 1939 Yngve Zotterman wa Sweden, akifanya majaribio kwenye mishipa ya fahamu ya paka, alibaini nyuzi nyembamba za fahamu zinazoitikia mguso mwepesi. Baadaye nyuzi za jamii hiyo zilipatikana hata kwa binadamu, na kwetu sisi huitikia zaidi mkono unaokwenda taratibu, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, kasi ambayo mama humpapasia mtoto bila kufundishwa. Nyuzi hizi zina tabia ya kuchoka: zikiguswa mfululizo, mwitikio wake hupungua. Kwa hiyo wazo kwamba mpapaso wa ishirini si sawa na wa kwanza ni wazo la busara.

Udhaifu wake uko kwenye hatua inayofuata. Kuchoka kwa nyuzi kunaeleza kwa nini raha inapungua, hakuelezi kwa nini meno yanatoka. Mkono ukichosha, kwa nini paka asishuke tu akaenda zake? Halafu maelezo haya hayatuambii kwa nini paka mmoja anakubali nusu saa na ndugu yake wa tumbo moja anakataa baada ya sekunde kumi, wala kwa nini paka yuleyule anakunwa kidevu muda mrefu akafumba macho, lakini nyonga zikiguswa mara tatu anageuka. Kama tatizo lingekuwa wingi wa mguso peke yake, mahali pasingeleta tofauti kubwa kiasi hicho. Kusema hisia zimemzidi ni kueleza tulichokiona kwa maneno mengine. Sababu bado haijatajwa.

Nadharia hii ina faida moja lakini, nayo si ndogo: inamwondolea paka lawama. Mfugaji anayeamini kwamba paka wake amezidiwa hampigi. Yule anayeamini kwamba paka ana roho mbaya humpiga, na kesho yake paka ana sababu mpya ya kuuogopa mkono.

Mahali pa mguso

Hapa ushahidi ni mzito zaidi. Utafiti mdogo wa Soennichsen na Chamove, uliochapishwa mwaka 2002, ulilinganisha sehemu mbalimbali za mwili na kukuta kwamba paka walipendelea zaidi kuguswa kati ya jicho na sikio, na kwamba sehemu ya mkiani ndiyo iliyopokelewa vibaya zaidi. Mwaka 2015 Sarah Ellis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walirudia swali hilo kwa utaratibu mpana, wakaona vilevile: dalili za kukerwa ziliongezeka mkono ulipofika karibu na shina la mkia.

Kwa nini mashavu yanapendwa? Pale penye nywele chache kati ya jicho na sikio, kwenye mashavu, kidevuni na pembeni mwa midomo kuna tezi za harufu. Paka anapojisugua kwenye mguu wa meza, kwenye mlango au kwenye muundi wa mtu, anaacha harufu hiyo, na vitu vinavyonukia harufu yake vinampa utulivu. Anayemkuna shavuni anamsaidia kazi ambayo angeifanya mwenyewe. Shina la mkia nalo lina tezi, kwa hiyo hoja ya tezi peke yake haitoshi; eneo hilo lina hisia nyingi za aina nyingine, za uzazi zikiwemo. Jike aliye kwenye joto huinua nyonga na kukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma anapoguswa hapo. Dume anapompanda humshika kisogo kwa meno, na mara anapomwachia, jike humgeukia kwa makucha. Mpapaso mrefu unaopita kisogoni na kuishia mkiani unagusa vituo vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Wapo wanaotaka kuifanya hii kuwa sababu kuu ya kila kitu. Hapo wanavuka mipaka, maana paka waliohasiwa wakiwa wadogo nao huinua nyonga na kuuma, na wengine hupenda sana kukunwa hapo hapo. Inaeleza kwa nini eneo lile lina mwitikio mkali, basi.

Tumbo lina habari yake. Paka akilala chali mbele ya mtu anaonyesha kwamba hana wasiwasi, maana ameweka wazi sehemu inayofunika matumbo yake. Mtu anauchukulia mlalo huo kuwa mwaliko, mkono unashuka, na kwa kufumba na kufumbua umekamatwa kwa miguu minne. Mwili umejilinda tu. Mlalo ulisema kwamba anamwamini mtu huyo, na haukusema kitu kuhusu kushikwa.

Nani ameanza, nani anamaliza

Hoja ya tatu inasema kwamba muda na mahali vina uzito, lakini kilicho juu ya vyote ni kama paka ana hiari. Dennis Turner, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi paka na watu wanavyoishi nyumbani nchini Uswisi, aliona kwamba ukaribu unaoanzishwa na paka hudumu zaidi kuliko ule unaoanzishwa na mtu. Ugunduzi huo una makali yake: anayemfuata paka wake kila mara ili ambembeleze ndiye anayepata kidogo.

Jaribio la wazi zaidi lilifanyika katika kituo cha Battersea, London, kinachowalea paka na mbwa walioachwa. Camilla Haywood, Lauren Finka na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent walichapisha matokeo yake mwaka 2021. Watu walikutanishwa na paka wasiowajua, 100 kwa jumla, kabla na baada ya kupewa mafunzo mafupi. Mafunzo yenyewe yalikuwa mepesi: mpe paka nafasi ya kuja na kuondoka, tazama mwili wake unasema nini, mguse zaidi chini ya masikio, mashavuni na kidevuni. Baada ya mafunzo uchokozi ulipungua na dalili za mapenzi zikaongezeka. Paka walikuwa walewale wa kituoni. Kilichobadilika ni mikono.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inaeleza kile ambacho nadharia ya ngozi iliyochoka inakiacha, yaani meno. Paka anayeng'ata kwa kawaida ameshajaribu njia nyingine. Tumtazame kwa karibu. Kwanza mkoromo unakatika, au mwili uliokuwa umelegea unakakamaa. Kisha ncha ya mkia inaanza kupiga huku na huku wakati mkia wenyewe umetulia. Masikio yanageuka pembeni. Ngozi ya mgongo inatetema kama inayofukuza nzi, kwa sababu chini yake kuna msuli mwembamba unaoivuta. Kichwa kinageuka haraka kuutazama mkono, kinarudi, kinageuka tena. Wapo wanaojilamba ghafla mara moja au mbili. Yote haya yanaweza kupita ndani ya sekunde chache, na mtu anayetazama televisheni au simu huku mkono ukiendelea wenyewe hayaoni. Akiumwa, anasema ilikuja bila onyo.

Kuna jambo baya zaidi hapa. Paka aliyepuuzwa mara nyingi anajifunza kwamba mkia na masikio havisikilizwi, ila jino husikilizwa papo hapo. Mkono unaondoka. Kwake hilo ni somo lililofaulu, na safari ijayo ataruka hatua za mwanzo.

Udhaifu wa hoja ya hiari ni kwamba inawapa wafugaji kazi isiyowezekana kila wakati. Paka lazima ameze dawa, asafishwe kidonda, atiwe kwenye kikapu kupelekwa kwa daktari. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kufundishwa kusoma ncha ya mkia. Na wapo paka wanaoendelea kuomba mguso na kuuma kila siku hata mikononi mwa watu makini kabisa. Kwa hao tutazame nyuma zaidi, utotoni mwao.

Wiki za mwanzo, na damu ya baba

Miaka ya 1980 Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, alionyesha kwamba mtoto wa paka ana kipindi kifupi cha kuzoea watu, kati ya wiki ya pili na ya saba tangu kuzaliwa. Waliopakatwa na kushikwashikwa wakati huo walikaa kwa watu kwa raha zaidi walipokua. Dirisha hilo likishafungwa, kazi inakuwa ngumu. Mwaka 1995 Sandra McCune aliongeza kipande kingine: watoto waliozaliwa na dume mpole walikuwa wapole zaidi kuliko wa dume asiyependa watu, ingawa paka dume halei. Kwa hiyo si malezi tu, kuna na kurithi.

Hili linawahusu sana wasomaji wa pwani. Katika Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar, paka wa mtaani wamezoea watu kupita kiasi. Wanalala kwenye baraza, wanasubiri utumbo wa samaki miguuni mwa muuzaji, na katika jamii ya Waislamu, ambako paka hahesabiwi najisi na sahaba Abu Huraira anajulikana kwa jina lake lenye maana ya baba wa kipaka, si kawaida kuwafukuza kwa ukatili. Lakini wengi wao wakati wa dirisha lile walikuwa wamefichwa na mama darini au nyuma ya matofali. Walijifunza kwamba mtu ni chakula, na mtu hana madhara sana. Mkono wa mtu juu ya mwili hawakuujifunza. Ndiyo maana paka shume anayemfuata muuza samaki kila asubuhi kwa mwaka mzima anaweza kumparua siku ya kwanza atakapoinamiwa. Wageni wanaotembelea miji hiyo huona paka anakuja na mkia juu na kudhani anaomba kupapaswa. Mkia juu ni salamu, na salamu inaweza kujibiwa kwa kunyoosha kidole mbele ya pua yake na kungoja.

Udhaifu wa maelezo haya ni hatari ya kukata tamaa, kumwambia mfugaji kwamba paka ameshaharibika toka wiki ya saba. Si hivyo. Paka wakubwa hubadilika, polepole, hasa pale chakula na utulivu vinapokwenda pamoja na mikono isiyolazimisha.

Mwili unaouma

Hapa sina mengi ya kuchambua, kwa sababu hoja hii haishindani na nyingine. Ni ya kuondolewa shaka kwanza. Paka aliyekuwa akipenda kupapaswa miaka yote na sasa ameanza kuuma anastahili daktari kabla ya nadharia. Picha za eksirei za paka 100 wa Marekani waliozidi umri wa miaka 12, zilizochapishwa mwaka 2002, zilionyesha dalili za kuchakaa kwa viungo kwa asilimia 90 kati yao. Paka mwenye nyonga au uti wa mgongo unaouma hachechemei kama mbwa. Anaacha kuruka juu ya kabati, manyoya ya mgongoni yanaanza kufungamana kwa sababu hajifikii, na mkono ukifika kiunoni anageuka. Meno mabovu humfanya akatae kuguswa shavu. Viroboto huacha ngozi ya juu ya mkia ikiwa na vidonda vidogo ambavyo havionekani mpaka manyoya yatenganishwe kwa vidole. Kuna pia ugonjwa ambao ngozi ya mgongo hutetema kwa nguvu, paka akakimbia ovyo na kuukimbiza mkia wake mwenyewe. Huo unahitaji uchunguzi wa kitabibu.

Na mkoromo usimdanganye mtu. Paka hukoroma akiwa na raha, lakini hukoroma pia akiwa na maumivu au juu ya meza ya daktari.

Habari iliyopinduliwa

Turudi kwenye mwaka 2013. Watafiti wa Brazil wakishirikiana na wenzao wa Ulaya walitaka kujua kama paka wanaoishi wengi katika nyumba moja wana msongo zaidi ya wanaoishi peke yao. Walipima mabaki ya homoni za msongo kwenye kinyesi, na pia waliwauliza wafugaji kama paka wao anapenda kupapaswa, hapendi, au anavumilia tu. Hilo la kupapaswa lilikuwa swali la pembeni. Matokeo yake: paka wanaovumilia walikuwa na homoni hizo kwa wingi kuliko wale wasiopenda. Vyombo vya habari vikaandika kwamba kupapaswa kunawasumbua paka.

Tafsiri iliyo karibu zaidi na takwimu ni nyingine kabisa. Paka asiyependa mkono, na akaachwa asishikwe, hana tatizo, kwani amejiamulia. Mwenye shida ni yule wa katikati, anayekaa kimya akishikwa asivyotaka, asiyeuma wala kuondoka. Tatizo la tafsiri hii ni kwamba utafiti ulilinganisha tu, haukujaribu. Huenda paka mwenye msongo kwa sababu nyingine ndiye anayekosa nguvu ya kukataa. Lakini kama ina ukweli, basi paka anayemuudhi mwenyewe kwa kumng'ata ana nafuu kuliko yule anayesifiwa kwa utulivu. Ni hitimisho linalokera, na nadhani ndiyo maana halikuandikwa kwenye vichwa vya habari.

Vioja vidogo

Kukanyagakanyaga kwa miguu ya mbele, kwa zamu, makucha yakitoka na kurudi, ni desturi ya kunyonya: mtoto hulikanda titi la mama ili maziwa yashuke. Paka mkubwa huirudia anapotulia sana, na baadhi hudondosha na mate. Kucha zikiingia pajani hakuna uadui. Weka khanga iliyokunjwa chini yake yaishe. Kujilamba pale palipoguswa hutafsiriwa na wengi kuwa ni kuchukizwa. Inawezekana anapanga manyoya na kurudisha harufu yake iliyofunikwa na ya mtu, na wakati mwingine anajituliza tu.

Kumng'ata mtu kidogo kidogo bila kuvunja ngozi, hasa kwa paka wa chini ya miaka miwili, kwa kawaida ni mchezo uliojifunzwa. Mtu aliyemchezea mtoto wa paka kwa vidole vyake amemfundisha kwamba vidole ni windo.

Jino linapozama ni jambo jingine, na lisichukuliwe kuwa mzaha. Meno ya paka ni membamba na marefu: tundu linaonekana dogo, lakini limeingiza bakteria chini kabisa, na majeraha mengi ya namna hiyo hutunga usaha. Katika nchi zetu kichaa cha mbwa bado kinaua, na paka anaweza kukibeba. Kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende kituo cha afya akaulize kuhusu chanjo, hasa kama paka ni wa mtaani au tabia yake imebadilika ghafla.

Mizani

Tukiyaweka maelezo haya pamoja, maradhi yanatangulia kwa sababu za usalama, ingawa hayahusu paka wengi wadogo wenye afya. Malezi na urithi vinaweka kiwango: vinaamua kama paka huyu ana stahamala ya dakika moja au ya saa nzima, na mfugaji hana la kufanya juu ya wiki zilizokwisha. Ngozi na mahali pa mguso vinaamua kiwango hicho kitafikiwa upesi kiasi gani. Hiari ndiyo inayoamua kitakachotokea kikishafikiwa, kama paka atashuka kimya kimya au atauma. Nadharia ya hisia kuzidi, iliyo maarufu kuliko zote, inabaki na sehemu ndogo kuliko sifa zake. Ile ya roho mbaya haina ushahidi wowote.

Gharama ya kukubali mpangilio huu inamwangukia mtu. Anayetaka paka wa kupakata jioni nzima huenda akapata dakika tatu tatu, mara nane kwa siku, kwa saa za paka. Wapo watakaoona hiyo ni biashara mbovu, na si vibaya wakafuga mbwa. Wanaobaki na paka wajaribu kitu kimoja chepesi: kila baada ya mipapaso mitatu au minne, ondoa mkono, uuweke pembeni. Paka akiufuata kwa kichwa, endelea. Akitazama kwingine, jibu umelipata.

Wenye kazi ngumu zaidi katika kubadilika huenda wakawa wale wasiodhani kwamba yanawahusu. Finka na wenzake walichapisha mwaka 2022 utafiti mwingine wa Battersea, safari hii wakiwachunguza watu. Watu 120 waliachwa na paka wasiowajua, kila mmoja akafanya atakavyo. Waliojitaja kuwa wajuzi na wazoefu wa paka ndio walioelekea zaidi kuwagusa mkiani na tumboni.